Moyo na Mbwa

Chumba cha kupimia kimevikwa sponji ukutani,
mlango wake mzito kama wa jokofu la nyama.
Ukiufunga, Ngara yote inakatika:
jenereta ya fundi viatu, mvua kwenye mabati,
muuza mahindi anayemtukana mteja wake.

Kazi yangu ni mafaili. Na chai. Na kupiga deki.
Lakini Julai ile Daktari Kerubo aliniita:
“Mama Shufaa, si wewe ulisoma chuoni Pumwani?
Kiarabu unakijua?”
Nikasema ninakijua. Nani angesema la?
Juzuu mbili ziliniingia kwa bakora ya maalimu,
na kwetu Majengo, hitima haianzi sijafika.

Mtoto ni Tibyani, miaka saba, wa Omdurman,
waliokimbia na begi moja na birika.
Nyuma ya kila sikio kifaa kipya,
rangi ya zambarau, alichagua mwenyewe.
Orodha ya Kiingereza ilimpita.
Ya Kiswahili, alijua “maji” na “twende”.
Basi nikapewa karatasi ya Kiarabu
na kadibodi ya kuficha midomo,
asije akanisoma badala ya kunisikia.

Mezani, picha mbilimbili.
Nikasema moyo, kama nilivyofunzwa: *kalb*.
Akagusa mbwa.
Daktari akatia alama ya kosa, kalamu nyekundu.
Nikasema udongo. Akagusa tini.
Nyekundu.
Nikasema kiangazi. Akagusa upanga,
kisha akaniangalia kwa huruma,
kama unavyomwangalia mzee
aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Daktari akagusa kompyuta, akaongeza nguvu za vifaa.
“Rudia, Mama Shufaa. Polepole.”
Nikarudia, nikiuvuta moyo hadi ukalegea.
Mbwa.
Mbwa.

Nyuma ya kioo mama yake alijiziba mdomo.
Nikadhani analia; wengi hulia pale,
tunawawekea karatasi laini kwenye kiti.
Kumbe anacheka, cheko la miezi mingi,
mabega yanamtoka kwenye mtandio.
Akagonga kioo:
“Dada, binti yangu yuko sawa.
Wewe ndiye unayesema mbwa.”

Mimi?
Miaka arobaini, juu ya mswala,
nikimwomba Mola autakase —
astaghafiru.
Yeye anajua nilikusudia nini.
Yeye hapimi kwa picha mbilimbili.

Herufi zote nilikuwa nazo, wallahi.
Kinywa cha utotoni kilizibeba zote,
nzito kwa nyepesi, za kooni na za kidaka tonge.
Nikang’olewa magego, nikazaa, nikahesabu mafaili,
na Kiswahili, mwenye nyumba mpole,
kikazipokea zilizobaki, kikazivua viatu mlangoni
hata nikashindwa kujua ipi ni ipi.
Hakuna aliyenipima.

Tibyani akatoka chumbani.
Akaniwekea vidole viwili kooni, baridi kama kijiko:
“*Galib*,” akasema. Moyo.
Kumbe kwao hata ile kafu ya kitabuni
nyumbani haitumiki.
Nikasema. Akatikisa kichwa.
Nikasema tena. Akatikisa,
betri ikalia *tiit* sikioni mwake, akacheka nayo.
Mara ya nne akaupeperusha mkono:
hivi na hivi.

Daktari alikuwa bado ameshika karatasi,
anazikata nyekundu moja moja.
“Na hizi,” akaniuliza, “nizifungulie faili jipya?”

Siku hizi orodha inasomwa na simu,
sauti ya mama Tibyani, aliyoirekodi chini ya blanketi
jirani asiingie na redio yake.
Mimi nimerudi kwa ndoo.
Lakini asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu,
nasukuma mopu na kujaribu:
*galib, galib*,
kutoka chini kabisa, vidole kooni.

Jana bawabu alichungulia mlangoni,
akatazama chini ya viti, akauliza,
“Mama Shufaa, unaita mbwa gani?”